Nani Hulipa Mtu Akiugua?

Vijana wa Kitui na Makueni wakibishana kuhusu nchi zilizoendelea, utasikia habari za barabara, magari na magorofa tu. Hebu tupime kwa kitu kingine: mtu wa kawaida akiugua, nani analipa? Kwetu, kwa miaka mingi, huuzwa mbuzi, kisha ng'ombe, kisha huitishwa harambee.

Wengi hudhani Wazungu walianza kutibiwa bure baada ya kutajirika. Siyo hivyo. Uingereza ilianzisha huduma yake ya afya tarehe 5 Julai 1948, ikiwa ndio imetoka vitani, madeni tele, na chakula bado kinagawiwa kwa kadi mpaka 1954. Waziri Aneurin Bevan, mtoto wa mchimba makaa, mfano aliutoa kwao Tredegar, ambako wafanyakazi walichangiana matibabu kutoka kwa mishahara yao. Na Marekani je, yenye mali kuwashinda? Mpaka leo haina mpango mmoja wa raia wote, na watu wake huishi miaka michache kuliko Waingereza.

Sasa turudi nyumbani. Charity Ngilu, aliyekuwa Mbunge wa Kitui ya Kati na Waziri wa Afya, alipeleka mswada wa bima ya afya kwa Wakenya wote. Bunge likaupitisha 2004, lakini Rais Kibaki akakataa kuutia sahihi. Sababu? Gharama. Ni kweli Waingereza walikuwa na walipa kodi wengi kuliko sisi, hilo tusilifiche, lakini naona hapo tulipoteza miaka mingi bure.

Ugatuzi ulipokuja 2013, mlango ukafunguka. Mwaka 2016 Makueni, chini ya Gavana Kivutha Kibwana, ilianza mpango wa shilingi 500 kwa familia nzima, kwa mwaka mzima, katika hospitali za kaunti. Piga hesabu mwenyewe! Sehemu kubwa ya gharama ilibebwa na bajeti ya kaunti. Kitui ikafuata 2018 kwa shilingi 1,000, gavana akiwa ni Ngilu yule yule.

Tangu Oktoba 2024 kuna mfuko mpya wa taifa, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Mkulima wa Mutomo au Kibwezi, mvua ikimkosa, atazitoa wapi? Usidhani ni swali la maskini peke yao. Mwaka 1951 serikali ya Uingereza ilipoamua kutoza watu pesa za miwani na meno ya bandia, Bevan alijiuzulu.