Mpatanishi wa Mataifa na Nyumba Yake

Wazee husema: Mganga hajigangi. Neno hilo twalikumbuka tukitazama maisha ya Willem Bentinck, bwana mkubwa wa Uholanzi na mjumbe wa nchi yake katika karne ya 18.

Willem alizaliwa mwaka 1704. Baba yake, Hans Willem, alikuwa rafiki mpenzi wa Willem wa Tatu, yule aliyetawala Uholanzi na tena akawa mfalme wa Uingereza. Baba alikufa mwaka 1709, mtoto akiwa na miaka 5 tu. Akarithi nyumba nzuri ya Sorgvliet, karibu na mji wa Den Haag. Mwaka 1732 Kaisari Karl wa Sita alimpa cheo cha konti. Mwaka wa pili yake akamwoa Charlotte Sophie von Aldenburg, mtoto pekee wa bwana mmoja mwenye ardhi nyingi kaskazini ya Ujerumani.

Siku zile wakubwa waliozesha watoto wao kwa kutafuta mali na heshima. Lakini moyo wa Charlotte Sophie ulikuwa kwa mtu mwingine. Walizaa watoto wawili wa kiume, mmoja mwaka 1734, wa pili mwaka 1737. Mwaka 1740 mume na mke wakaachana. Watoto wakabaki kwa baba, na kesi ya mali ikaendelea miaka mingi.

Basi, baba aliwatafutia watoto mwalimu mwema, Abraham Trembley wa Geneva. Mwaka ule ule wa 1740, pale Sorgvliet, mwalimu huyo alichota maji ya mtaro akaona ndani yake mnyama mdogo sana. Akamkata vipande viwili. Kila kipande kikakua, kikawa mnyama mzima. Wataalamu wa Ulaya yote walistaajabu. Watoto wale walitazama pamoja naye. Lakini nyumba yao wenyewe, iliyokatika vipande viwili, haikuwa nzima tena.

Wakati huo Ulaya ilikuwa katika vita. Mwaka 1747 askari Wafaransa waliingia katika nchi ya Uholanzi. Watu wakaogopa, wakataka kiongozi. Bentinck alikuwa mmoja wa wale waliofanya bidii Willem wa Nne apewe ukuu wa nchi. Kisha akatumwa Aachen kuzungumza habari za amani. Tarehe 18 Oktoba 1748 mapatano yaliwekwa sahihi, na Wafaransa wakarudisha nchi walizoziteka, ambazo nyingi leo ni sehemu ya Ubelgiji.

Twaona basi: mtu huyu alijua kukaa na adui mezani, kusikiliza, kuacha hiki ili apate kile. Lakini yeye na mkewe hawakukaa pamoja tena. Mtoto wao wa kwanza alikufa mwaka 1768. Wa pili, John Albert, alikuwa kapiteni wa manowari za Uingereza. Willem alikufa mwaka 1774. Charlotte Sophie aliishi mpaka mwaka 1800, akafa Hamburg.

Tusimcheke. Wangapi kati yetu twaitwa kuamua magomvi ya majirani, na jioni twaingia nyumbani bila salamu? Amani ya mataifa huandikwa kwa wino mara moja. Amani ya nyumba huandikwa kila siku.