Lugha ya Mama na Lugha ya Shule

Mara nyingi sisi walimu twaulizwa na wazazi swali moja: "Mwalimu, mtoto wangu akisema lugha ya kwetu nyumbani, je, hatachelewa kujua Kiswahili na Kiingereza shuleni?" Wengine hawaulizi, maana wamekwisha kukata shauri. Wamewafungia watoto wao lugha ya babu zao, wakidhani kwamba kichwa cha mtoto ni kama kibaba, kikijaa mtama hakiwezi kupokea mchele. Matokeo yake twayaona siku za likizo. Mtoto afika kwa bibi yake kijijini, nao wawili wakaa mekoni wakitazamana. Kila mmoja ana maneno mengi, wala hapana wa kuyafasiri.

Jambo hili si geni duniani. Leo twapenda kuwasimulia wasomaji wetu habari za jamaa moja ya nchi ya Wales, baba, mwana na mjukuu, kwa kuwa mengi yaliyowapata wao yafanana na yetu.

Wales ni nchi ndogo yenye milima, iliyo magharibi ya nchi ya Waingereza. Watu wake wana lugha yao wenyewe, Kiwelisi, isiyofanana na Kiingereza hata kidogo. Biblia nzima ilipigwa chapa kwa Kiwelisi mwaka 1588, nayo ilikuwa kazi ya William Morgan. Hata baadaye shule za Jumapili zikawafundisha wakubwa kwa wadogo kuisoma. Lakini mwaka 1847 serikali ya Uingereza ilitoa taarifa kubwa juu ya shule za Wales. Waliotumwa kuzichungua walikuwa Waingereza watatu, wala hapana hata mmoja wao aliyejua Kiwelisi. Wakaandika kwamba lugha hiyo ni kizuizi cha maendeleo ya watu. Wawelisi wakakasirika sana, wakaiita taarifa ile Hiana ya Vitabu vya Buluu, kwa sababu ya rangi ya majalada yake. Walakini neno la dharau likirudiwa siku nyingi huingia hata moyoni mwa yeye anayedharauliwa, na wazazi wengi wakaanza kuionea haya lugha yao.

Katika shule kadhaa za zamani zile palikuwa na desturi ya kibao. Kilikuwa kipande cha mti chenye kamba, kimechorwa herufi W.N., maana yake kukataza Kiwelisi. Mtoto aliyesikiwa akisema lugha ya mama yake alivikwa shingoni. Akimsikia mwenzake naye akiisema, kibao kilihamia kwa huyo mwenzake. Na yule aliyekutwa nacho jioni ndiye aliyepigwa. Basi, watoto walifundishwa kupelelezana kabla hawajafundishwa kusoma. Wala tusidhani kwamba palikuwa na sheria ya serikali iliyoamuru hayo. Yalikuwa mambo ya walimu, na wazazi wengi waliyaridhia, kwa kuwa walitaka watoto wao wapate kazi. Hawakuwa na nia mbaya. Walitaka mema, wakalipa gharama wasiyoihesabu.

Owen Morgan Edwards alizaliwa mwaka 1858 katika kijiji cha Llanuwchllyn, nyumbani mwa wakulima waliosema Kiwelisi. Alipoanza shule alivikwa kibao, naye hakusahau. Alipokuwa mtu mzima aliyaandika hayo katika kumbukumbu zake. Kiingereza alikijua vizuri sana, akasoma Oxford, akafundisha historia huko huko. Lakini hakuiacha lugha ya mama yake. Mwaka 1892 alianzisha gazeti la kila mwezi la watoto, Cymru'r Plant, kwa Kiwelisi. Mwaka 1907 akafanywa mkaguzi mkuu wa shule za Wales, naye alitumia cheo kile kuipa lugha iliyokatazwa mahali pake darasani. Basi mtoto aliyevikwa kibao akawa mkaguzi wa walimu.

Mwanawe, Ifan ab Owen Edwards, aliendelea na kazi ya baba yake. Mwaka 1922, kwa njia ya gazeti lile lile, aliwaita watoto wajiunge katika chama chao, Urdd Gobaith Cymru, wapate kucheza, kuimba na kupiga kambi kwa Kiwelisi. Maana alitambua kwamba mtoto haipendi lugha ya masomo tu; huipenda lugha aliyoichekea. Ikaja vita ya mwaka 1939. Watoto wengi wa Liverpool walihamishwa kwa hofu ya mabomu, wakaletwa katika mji wa Aberystwyth, alipokaa Ifan. Akaona kwamba Kiwelisi kitafunikwa kabisa shuleni, naye alikuwa na mtoto mdogo, Owen. Basi akafungua shule ya Kiwelisi yenye watoto 7 tu, na mwanawe mmoja wao. Mwaka 1947 shule ya namna hiyo ilifunguliwa Llanelli kwa fedha ya serikali. Na yule Owen mdogo alipokua akawa mkuu wa kwanza wa S4C, kituo cha televisheni cha Kiwelisi kilichoanza kutangaza mwaka 1982.

Hata hivyo hatutaki kuwadanganya wasomaji kwamba mambo yote yalikwenda vema. Hesabu ya watu ya mwaka 1901 ilionyesha kwamba karibu nusu ya watu wa Wales walijua Kiwelisi. Katika hesabu ya mwaka 2021 hawakufika 18 katika 100. Wageni waliokuja kwa kazi za makaa ya mawe na viwanda ni sababu moja. Lakini sababu nyingine ilikuwa ndani ya nyumba. Baba na mama waliojua Kiwelisi walisema nacho wao kwa wao, wakamgeukia mtoto kwa Kiingereza. Kiti kimoja tu kikiruka maneno, lugha ya vizazi vingi hukoma.

Je, ni kweli kwamba lugha mbili humchanganya mtoto? Mtaalamu wa lugha wa Ufaransa, Jules Ronjat, alilitazama jambo hili nyumbani mwake. Mkewe alikuwa Mjerumani, na mtoto wao Louis alizaliwa mwaka 1908. Rafiki yake, Maurice Grammont, alimshauri kwamba kila mzazi aseme na mtoto kwa lugha yake mwenyewe daima. Wakafanya hivyo. Ronjat akaandika maendeleo ya mtoto, akatoa kitabu mwaka 1913. Louis alizijua lugha zote mbili, akatambua mapema ipi ni ya baba na ipi ni ya mama.

Kibao nacho kilifika kwetu Afrika. Ngũgĩ wa Thiong'o wa Kenya, katika kitabu chake cha mwaka 1986, alieleza jinsi watoto walivyoadhibiwa shuleni kwa kusema Kigikuyu, na jinsi alama ya aibu ilivyopita mkono kwa mkono. Lakini sisi tujiulize: ni nani anayewavika watoto wetu kibao leo? Mara nyingi ni sisi wenyewe, kwa kuwacheka wakikosea neno la kwao.

Kiswahili si adui. Kimetuunganisha, na kila mtoto na akijue vema. Bali baba na aseme lugha yake, na mama yake, hata kama ni za makabila mawili. Kiswahili atakipata uani na shuleni. Mtoto akijibu kwa Kiswahili, asigombezwe. Mzazi na aendelee kwa lugha yake kwa saburi, maana masikio hujaa kabla ya kinywa. Na likizo ijayo, ndugu wazazi, wapelekeni watoto kwa bibi zao, mkawaache wakae nao mekoni siku nyingi, wamenye ndizi na kuulizana majina ya vitu.