Hifadhi ya Moremi Katika Delta ya Okavango

Hifadhi nyingi za wanyama barani Afrika zilianzishwa kwa amri ya gavana, ikapigwa mhuri mjini na kusomewa watu ambao hawakuulizwa shauri. Bali hii ya Moremi, iliyo katika Delta ya Okavango nchini Botswana, ilitoka barazani mwa wenyeji wenyewe. Mwaka 1963, nchi hiyo ingali himaya ya Waingereza ikiitwa Bechuanaland, Watawana walikuwa chini ya Bibi Elizabeth Pulane Moremi, mjane wa Mfalme Moremi wa Tatu aliyefariki mwaka 1946, naye alikuwa ameshika utawala kwa uwakili wa mwanawe. Alipoona jinsi wawindaji walivyokuwa wakiwateketeza wanyama pasipo hisabati, na ng'ombe wakizidi kusogea porini, aliridhia, yeye na baraza lake, kuitenga sehemu ya ardhi ya kabila isiwindwe tena. Na baadaye hata kisiwa kikubwa cha katikati, kilichokuwa mahali pa mawindo ya wafalme peke yao, kikatiwa humo.

Tabia ya maji ya huko ni kinyume cha mito mingine. Mvua hunyesha katika nyanda za juu za Angola mwanzoni mwa mwaka, lakini kwa kuwa nchi ni tambarare na mafunjo yamesongamana, maji huchukua miezi kufika, hata gharika hujaa mnamo Juni hadi Agosti, wakati Kalahari yote imekauka na tembo wametaabika kwa kiu. Kisha mto, badala ya kushuka baharini, huishia mchangani na hewani. Viboko, kwa kupita pale kwa pale, hufungua njia ambazo hatimaye huwa mifereji, na nzohe, kwa kwato zake ndefu zilizopanuka, hupita matopeni asizame. Visiwa vingi asili yake ni kichuguu: mchwa hujenga mwaka wa ukame, gharika ikirudi kichuguu hubaki juu ya maji, ndege akatua na kuangusha mbegu, mkuyu ukaota, nayo mizizi ikifyonza maji huacha chumvi nyuma, hata katikati ya kisiwa ukaona ardhi nyeupe isiyoota jani.

Mwaka 2014 UNESCO iliiandika Delta ya Okavango kuwa mahali pa 1,000 katika orodha ya Urithi wa Dunia, na sehemu ya fahari hiyo ni haki ya Bibi Pulane. Lakini insafu yataka isemwe pia kwamba baraza la Watawana halikuwa baraza la kila mtu: Wabukakhwe, jamaa ya Wasan, waliokuwa wakiwinda na kukaa humo tangu kabla ya ufalme huo, walihamishwa. Kijiji chao, Khwai, kipo hata leo ng'ambo ya mto wenye jina hilo, karibu na lango la kaskazini la hifadhi.