Wapanda Pikipiki na Simu ya Upepo

Zamani pikipiki ilikuwa pia chombo cha kupeleka habari. Katika Vita Kuu ya mwaka 1914 hadi 1918 majeshi yalitumia matarishi wa pikipiki kufikisha maagizo pale ambapo waya za simu zilikatika, na hata katika nchi yetu, mwaka 1916, Afrika Kusini ilileta kikosi kizima cha wapanda pikipiki kupigana na Wajerumani. Lakini tarishi huyo aliyebeba habari za wenzake, yeye mwenyewe alikuwa nje ya habari zote. Tangu alipoondoka mpaka alipofika, hapakuwa na mtu aliyejua kama yu mzima au amelala mtaroni. Jambo hilo ndilo ninalotaka tulitafakari, maana katika wilaya zetu za Ngara na Biharamulo limegharimu watu.

Waliotangulia kulishughulikia walikuwa polisi wa Marekani. Mwaka 1928 polisi wa mji wa Detroit walifaulu kuwapasha habari askari waliokuwa ndani ya magari, ila askari hao walisikia tu, hawakuweza kujibu. Kujibu kulianza mwaka 1933 katika mji wa Bayonne, New Jersey. Mwaka 1940 polisi wa jimbo la Connecticut wakapata mtambo wa mawasiliano ya pande mbili uliotumia njia mpya ya mawimbi, ile tunayoiita FM, ambayo haisumbuliwi sana na mikwaruzo. Mikwaruzo hiyo husababishwa, pamoja na mambo mengine, na cheche za plagi ya injini yenyewe. Kwa mpanda pikipiki shida huzidi: injini iko katikati ya magoti yake, upepo unavuma masikioni, mikono yote miwili ina kazi, na vumbi na mvua havina huruma na chombo kidogo cha umeme.

Kwetu simu ya upepo haikuwa kitu kigeni kabisa. Polisi walikuwa nayo. Lakini siku ilipotapakaa juu ya vilima vyetu ni mwaka 1994. Tarehe 28 na 29 Aprili, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara katika muda wa siku moja hivi. Kambi ya Benaco ikawa mji mkubwa kwa usiku mmoja, kisha zikafuata kambi nyingine kama Lumasi. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi na mashirika mengine yakaja na magari yenye antena ndefu, na watumishi wao wakatembea na redio za mkononi zikining'inia kiunoni, wengine wakiwa juu ya pikipiki.

Wengi wetu tulistaajabia chombo chenyewe. Kwa maoni yangu, kilichostahili kustaajabiwa ni utaratibu uliokuwa nyuma yake. Kila gari lilikuwa na jina lake la hewani. Dereva akiondoka alitamka anakotoka, anakokwenda na idadi ya watu aliowachukua. Katika chumba cha redio alikuwapo mtu mwenye daftari, akiandika saa ya kuondoka na kungoja taarifa ya kufika. Taarifa isipokuja, dereva aliitwa. Asipoitika, msaada ulitafutwa. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Katika kazi ile kimya chenyewe kilihesabiwa kuwa ni habari.

Kadhalika palikuwa na adabu ya kusema. Redio za aina hii zina kitufe cha kusemea, na akibonyeza mmoja wengine wote hulazimika kunyamaza. Kwa hiyo unasikiliza kwanza, unasema kwa ufupi, unatamka “ova”, unaachia kitufe. Mwalimu yeyote aliyesimama mbele ya darasa la watoto 60 ataelewa thamani ya sheria hiyo.

Wapo wanaodhani kwamba redio ya mkononi hufika popote. Haifiki. Mawimbi yake husafiri karibu kama macho yanavyoona: yakikutana na mlima, hukoma. Hesabu yake si ngumu. Chukua kipeuo cha pili cha kimo cha antena kwa mita, zidisha kwa 4.12, utapata kilomita hadi ukingo wa upeo wake. Antena ya mpanda pikipiki iko kama mita 1.5 kutoka ardhini, hivyo upeo wake ni kilomita 5, na wapanda pikipiki wawili kwenye tambarare tupu husikilizana kwa kilomita 10 hivi. Ndani ya miti na mabonde umbali huo hupungua sana. Lakini mtambo wa kurudishia mawimbi uliowekwa mita 100 juu ya bonde una upeo wa kilomita 41. Vilima vya Ngara, vinavyozuia mazungumzo ya walio bondeni, ndivyo hivyo hivyo vinavyoyawezesha ukipanda juu yake.

Sasa tuwafikirie wenyeji. Barabara ya kutoka Lusahunga hadi Rusumo ni ya kilomita 90 na zaidi kidogo, nayo hupita sehemu zisizo na nyumba. Silaha zilizozagaa kutokana na vita vya nchi jirani zilileta ujambazi, na kwa miaka mingi mabasi yaliyopita katika mapori ya Biharamulo yalisindikizwa na polisi wenye bunduki. Mganga wa zahanati, bwana shamba, mwalimu aliyefuata mishahara, katekista, hawa walipita humo kwa pikipiki au baiskeli bila sauti yoyote. Juu ya vichwa vyao hewa ilijaa mazungumzo, lakini hayakuwahusu. Hakuna daftari lililoandika saa yao ya kuondoka. Desemba 1996 wakimbizi wa Rwanda wapatao laki nne na zaidi walirejea kwao. Shughuli zikapungua, na antena nyingi zikaondoka na wenyewe.

Sisemi haya kwa kuwanung'unikia wageni. Walileta vyombo kwa ajili ya kazi yao. Nasema kwamba tulibaki na kumbukumbu ya vyombo, wala hatukurithi utaratibu ambao haukuhitaji hata betri.

Tena tusisahau kwamba redio si njema kwa kuwa ni redio. Ng'ambo ya Rusumo, mwaka huo huo wa 1994, kituo cha RTLM kilichochea mauaji. Msikilizaji wake hakuwa na kitufe cha kujibia. Mwaka 1995 Wajesuiti wanaohudumia wakimbizi walianzisha Radio Kwizera huku Ngara, ikasaidia watu kutafuta ndugu zao na kusikia habari za amani. Tofauti ya vituo hivyo viwili ilikuwa katika nia za wasemaji, na katika kumjali au kutomjali anayesikia.

Simu za mkononi, zilizoanza Dar es Salaam mwaka 1994, zilifika kwetu baadaye. Mwaka 2010 zikatungwa kanuni za leseni za pikipiki zinazobeba abiria, na leo vijana wa bodaboda wako kila kona. Ughaibuni kuna helmeti zenye vipaza sauti ndani, na wapanda pikipiki husemezana wakiwa mwendoni. Nyingine hupokezana sauti kutoka helmeti moja hadi nyingine ili kuwafikia walio nyuma kabisa ya msafara. Ni ufundi mzuri. Vijana wetu wakitaka redio za namna hiyo, au zile za mkononi zenye nguvu zaidi, waulize kwanza Mamlaka ya Mawasiliano kuhusu leseni ya masafa, na wajue kwamba redio iliyofungwa kiunoni haisikiki injini ikinguruma. Lazima usimame, au uwe na kisikizi sikioni.

Lakini hata kabla ya kununua chochote, kila kijiwe kinaweza kununua daftari la shule na kumteua mtu mmoja wa zamu. Aandike nani ameondoka, saa ngapi, na anaelekea wapi. Saa ya kufika ikipita bila taarifa, aulize. Asipopata jibu, watu wawili waende. Simu ikikosa mtandao porini, daftari halikosi. Mawasiliano kati ya wasafiri huanza na mtu aliyetulia mahali pamoja akiwangoja, na mtu huyo tunaweza kumpata Biharamulo au Ngara leo jioni.