Nyuklia, maji na mpaka: Kwa nini Garsen imo katika hesabu za usalama wa kanda

KAUNTI ya Tana River haipakani na nchi yoyote ya kigeni. Kati yake na Somalia zipo kaunti za Garissa na Lamu. Hata hivyo, mji wa Garsen umejikuta mara kwa mara ndani ya hesabu za usalama wa Afrika Mashariki, na mwaka 2020 jina la kaunti hiyo liliingia katika mjadala mzito zaidi, ule wa nishati ya nyuklia.

Mwaka huo, Wakala wa Nishati ya Nyuklia nchini (NuPEA) uliwasilisha kwa mamlaka ya mazingira, NEMA, ripoti ya tathmini kuhusu mpango wa kujenga kinu cha kuzalisha umeme. Tana River ilitajwa kuwa eneo lililopendelewa. Kinu cha kwanza kilikusudiwa kutoa megawati 1,000, kwa gharama iliyokadiriwa kufikia dola bilioni 5 za Marekani.

Mradi huo haukujengwa. Lakini swali ulilolizua lingali hai kila inapotajwa sehemu nyingine ya kujenga kinu: je, ni nani anayehakikisha usalama wa mtambo wa aina hiyo? Historia ya Garsen inaonyesha kwamba jibu haliko mikononi mwa polisi na wanajeshi pekee. Limo pia katika maelewano ya majirani, wa kijiji na wa taifa.

Safari ya nyuklia nchini

Kenya ilianza maandalizi rasmi mwaka 2010 kwa kuunda kamati ya kushughulikia umeme wa nyuklia. Kamati hiyo iligeuzwa kuwa bodi mwaka 2012, kisha Sheria ya Kawi ya 2019 ikaunda NuPEA. Sheria nyingine ya mwaka huo huo iliweka mamlaka ya kusimamia masuala ya nyuklia na mionzi, ili anayetangaza teknolojia hiyo asiwe ndiye anayeikagua.

Wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, IAEA, walizuru nchi mwaka 2015 kupima matayarisho yake, na ziara ya kufuatilia ikafanyika mwaka 2021.

Barani Afrika, Afrika Kusini ndiyo nchi pekee yenye kituo cha umeme wa nyuklia kinachofanya kazi, kile cha Koeberg kilichoanza kuzalisha mwaka 1984. Misri ilianza ujenzi wa kituo cha El Dabaa mwaka 2022.

Mto na mabonde yake

Mto Tana, ambao ni mrefu kuliko mito yote ya Kenya, huanzia kwenye milima ya Aberdare na Mlima Kenya na kumwaga maji yake Bahari Hindi karibu na Kipini. Juu yake yamejengwa mabwawa matano ya Seven Forks: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Umeme wa mabwawa hayo huangaza miji ya mbali, ilhali wakazi wa chini ya mto ndio wanaopokea athari za maji kufungwa au kufunguliwa.

Delta ya Tana, inayoenea chini ya Garsen, iliorodheshwa mwaka 2012 kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar. Ni makao ya ndege, samaki na wanyama, na ni tegemeo la wakulima na wafugaji wakati wa kiangazi.

Kinu cha nyuklia huhitaji maji mengi ya kupoza mitambo, na huhitaji ardhi isiyotikisika wala kufunikwa na mafuriko. Mvua za El Nino za mwishoni mwa 2023 na zile za Aprili na Mei 2024 zilihamisha maelfu ya familia katika kaunti hiyo.

Majirani wa ukingo mmoja

Wapokomo hulima mpunga, mahindi, ndizi na maembe kandokando ya mto. Waorma na Wawardei hufuga ng'ombe, mbuzi na kondoo, na kiangazi kikikaza huteremsha mifugo hadi deltani. Njia wanazopitia kufikia maji huitwa malka. Malka ikizibwa na shamba, mfugaji hukosa maji. Mifugo ikiingia shambani, mkulima hukosa chakula.

Mvutano huo uligeuka vita mwaka 2001, na ukarudi kwa ukatili mkubwa zaidi mwaka 2012. Mnamo Agosti 22, 2012, watu zaidi ya 50, wengi wao wanawake na watoto, waliuawa katika kijiji cha Riketa. Septemba, mashambulizi yalifuata Chamwanamuma na Kilelengwani, ambako maafisa wa polisi walikuwa miongoni mwa waliouawa. Desemba ikawa zamu ya Kipao. Kufikia mwanzoni mwa 2013, waliopoteza maisha walikuwa wamepita 100.

Rais Mwai Kibaki alitangaza kafyu na kutuma mamia ya polisi, kisha tume ya uchunguzi ikaundwa chini ya Jaji Grace Nzioka. Lakini kafyu haigawi maji. Kazi ya kurejesha ujirani ilihitaji wazee: baraza la Gasa kwa upande wa Wapokomo na lile la Matadeda kwa upande wa Waorma. Wazee wa pande zote mbili wanajua malka ipi ni ya nani, nani apishe na wakati gani. Hiyo nayo ni diplomasia, ingawa haina mabalozi.

Mradi wowote mkubwa unaochukua ardhi na maji ya mto huo unaingia katikati ya makubaliano hayo. Ukizunguka ekari nyingi kwa ua na walinzi bila kuwahusisha wazee hao, huenda ukaziba malka kabla haujawasha taa hata moja.

Barabara ya Lamu

Karibu na Garsen ndipo barabara ya kutoka Malindi hugawanyika: moja huelekea Hola na Garissa, nyingine hupita Gamba na Witu hadi Lamu. Baada ya majeshi ya Kenya kuingia Somalia Oktoba 2011 kuwakabili wapiganaji wa Al-Shabaab, njia hiyo ya Lamu ikawa sehemu ya uwanja wa vita.

Juni 2014, watu zaidi ya 60 waliuawa Mpeketoni na vijiji jirani katika Kaunti ya Lamu. Usiku wa Julai 5 mwaka huo huo, kituo cha polisi cha Gamba, ndani ya Tana River, kilishambuliwa sambamba na kituo cha biashara cha Hindi, na watu zaidi ya 20 wakafa. Mabasi yalianza kusafiri kwa msafara chini ya ulinzi wa polisi. Mwaka 2015 serikali ilianzisha operesheni ya kuwasaka wapiganaji katika msitu wa Boni, unaoenea hadi mpakani.

Hatari haikuisha. Januari 2, 2020, basi lilishambuliwa Nyongoro kwenye barabara hiyo na watu watatu wakauawa. Siku tatu baadaye kambi ya Manda Bay, Lamu, ilivamiwa na Wamarekani watatu wakauawa. Ni katika mwaka huo huo ambapo Tana River ilitajwa kuwa mahali pafaapo kinu cha nyuklia.

Nairobi na Mogadishu

Kulinda barabara hiyo kunahitaji ushirikiano na Somalia, na ushirikiano huo umepitia misukosuko. Mwaka 2014 Somalia iliishtaki Kenya katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki kuhusu mpaka wa baharini. Desemba 2020 Mogadishu ilivunja uhusiano wa kibalozi. Ulirejeshwa Mei 2021 kwa upatanishi wa Qatar. Oktoba 12, 2021, mahakama ilitoa hukumu iliyoipa Somalia sehemu kubwa ya eneo lililobishaniwa, na Kenya ikaikataa.

Mei 2023 nchi hizo zilikubaliana kufungua mpaka uliofungwa tangu 2011, kwa awamu, ikiwemo njia ya Kiunga upande wa Lamu. Kabla ya miezi miwili kwisha, mashambulizi mapya yaliifanya Kenya kuahirisha mpango huo.

Mkataba wa Pelindaba

Kuhusu nyuklia yenyewe, Afrika ina mkataba wake. Mkataba wa Pelindaba, uliotiwa saini Cairo Aprili 11, 1996, ulianza kutekelezwa Julai 15, 2009. Unapiga marufuku silaha za nyuklia barani na utupaji wa takataka za mionzi, lakini unaruhusu matumizi ya amani. Aidha, unazitaka nchi wanachama kulinda vikali mitambo na malighafi zake, na unakataza kushambulia vituo vya nyuklia kwa silaha. Kenya ni mwanachama.

Kikomo chake ni kwamba mkataba huyafunga mataifa. Kundi lenye silaha msituni halikuweka saini. Na hata mataifa yenyewe hukiuka ahadi: Machi 2022 majeshi ya Urusi yalikiteka kituo cha Zaporizhzhia nchini Ukraine, chenye vinu sita. Tangu hapo dunia imeishi na hofu ya kituo cha nyuklia kilicho karibu na mstari wa mapigano, huku IAEA ikilazimika kuweka wakaguzi wake humo.

Kutoka Pwani hadi Ziwani

Baada ya Tana River, macho yalihamia Uyombo katika Kaunti ya Kilifi, ambako wakazi waliandamana mwaka 2024 kuupinga mradi. Kufikia 2025 viongozi wa serikali walikuwa wakiitaja Siaya, kando ya Ziwa Victoria.

Ziwa hilo ni mali ya Kenya, Uganda na Tanzania, na lina kamisheni yake ya pamoja ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yenye makao Kisumu. Uganda nayo imechagua wilaya ya Buyende, karibu na Ziwa Kyoga, kwa kituo chake cha nyuklia. Maji ya Victoria hupita Kyoga kwenye safari yake ya Nile. Ajali ya mmoja haitakuwa ya mmoja.

Hivyo kuhama kutoka Mto Tana hadi ziwani kumebadilisha majirani tu, hakujaondoa haja ya kuelewana nao. Garsen inafahamu gharama ya kuchelewa. Mazungumzo ya malka yaliyofanywa kabla ya kiangazi yameokoa watu. Yale yaliyosubiri hadi baada ya Riketa yalianza kwa kuhesabu makaburi.