Gari la waya: kabla hujalitupa, soma hapa (Sehemu ya 4)

 

Kliniki wiki hii mama mmoja wa hapa Rubafu kaniuliza: "Nesi, huyu wangu ana miaka minane, kutwa anaokota waya na ndala mbovu, nyumba imekuwa jalala. Nitupe?" Nikamwambia usitupe mama, nitaandika. Hili swali lina historia ndefu.

Tuanzie nyumbani. Watu wa Buhaya hawakufundishwa chuma na meli. Mwaka 1978 watafiti wawili, Peter Schmidt na Donald Avery, waliandika kwenye jarida la Science kwamba mafundi wa ukanda huu wa magharibi ya ziwa walikuwa wakitengeneza chuma cha pua tangu kama miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita. Wazee wa huku waliokuwa bado wanaukumbuka ufundi huo waliwajengea tanuru na kuvukuta mbele yao. Kwa hiyo mtoto anayekunja waya nyuma ya jiko, kwa upande wangu, siyo mtundu tu. Ana ukoo.

Sasa njoo mwaka 1953. Mwaka huu naupenda sana, utaona kwa nini.

Malkia Elizabeth wa Pili alivishwa taji tarehe 2 Juni. Tanganyika, Kenya na Uganda zote zilikuwa chini ya Mwingereza, basi wakaandaliwa watu mbio za magari za kusherehekea, zikipita nchi zote tatu. Ziliitwa Coronation Safari. Ndizo hizi hizi tunazoziita leo Safari Rally.

Mei hiyo hiyo, huko Manhattan Beach, California, baba mmoja aitwaye Don Murphy alikuwa na mtoto wa miaka kumi aliyekuwa analilia mashindano ya magari ya mbao, yale mtoto anakaa ndani na kuserereka mlimani. Umri ulikuwa haujafika. Baba akabuni gari dogo la kuchonga kwa kipande cha msonobari, misumari ndiyo ekseli, magurudumu manne, linateremka lenyewe kwenye ubao ulioinama. Mbio hizo, Pinewood Derby, watoto wa Marekani wanazifanya hadi leo.

Na Uingereza, mwaka huo huo, kampuni ya Lesney ikaanza kuuza vigari vya Matchbox. Asili yake ni shule ya binti wa fundi mmoja, Jack Odell. Pale mtoto aliruhusiwa kuja na mdoli unaoingia ndani ya kiberiti tu, hakuna zaidi. Odell akamtengenezea kijiko kidogo cha kushindilia barabara, cha shaba, kinaingia kwenye kiberiti. Wenzake wote wakataka. Jamani, baba mmoja, mtoto mmoja, ikawa biashara ya dunia nzima.

Mtoto wa Rubafu hakuhitaji kusubiri meli ilete Matchbox. Wazee wa hapa wananisimulia magari ya mgomba: kipande cha shina ndiyo bodi, vijiti viwili ndiyo ekseli, vipande vya duara ndiyo tairi. Jioni lishanyauka, kesho unakata jingine. Waya ulipopatikana, gari likaanza kudumu.

Hapa ndipo akina mama wengi hatuangalii vizuri. Tunaona bodi, mtoto anahangaika na chasisi. Mwangalie: waya mbili ndefu, nene, zinalala sambamba. Katikati anafunga za kukatiza, kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Nyuma ekseli imekaza, mbele lazima igeuke, na kutoka hapo unapanda mti mrefu wenye usukani juu ili akimbie amesimama wima. Ndala ndiyo tairi. Zile za kukatiza zikiwa mbali sana, gari linapinda kwenye kona. Zikizidi kuwa nyingi, linakuwa zito na halikimbii. Hilo hakuna aliyemfundisha, amevunja matatu ndiyo akajua.

Miaka ya 60 watu wazima wa Marekani waliokuwa wakishindanisha vigari vya umeme kwenye njia zenye mfereji waliacha chasisi za dukani wakaanza kujiungia zao, kwa fito za shaba na waya ngumu za kinanda. Walikuwa wanatafuta kitu kile kile: ikaze wapi, ilegee wapi. Na mwaka 1965 Joginder Singh, fundi magari aliyezaliwa Kericho, alishinda Safari na mdogo wake Jaswant kwa Volvo iliyokuwa imeshakimbizwa mwaka uliotangulia. Gari kuukuu, waitu, mikononi mwa mtu anayelijua kwa ndani.

Sasa nivae gauni langu la kazi. Gari la plastiki la dukani unaloliona salama, lifungue chini. Likiwa na betri ile bapa kama kitufe, skrubu ya kifuniko iwe imekaza. Mtoto akiimeza inaweza kuunguza koo la chakula ndani ya saa mbili. Usimtapishe, kimbia hospitali.

Gari la waya nalo lina yake. Kila ncha ikunjwe iwe kitanzi, kisha izungushiwe mpira wa tyubu. Akichomwa, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, mlete na kadi yake tuone kama zile chanjo za wiki ya 6, 10 na 14 zilikamilika, maana pepopunda imo humo. Na asichome tairi kuu kuu ili apate waya, ule moshi ni sumu kifuani. Mwombe fundi fensi akuachie vipande alivyokata, huwa anavitupa tu.