Hewa ukaa: kutoa au kutia?

Alfajiri, barabara ya kutoka Kipushi kuja Lubumbashi hujaa baiskeli zilizobeba magunia ya makala. Huku Katanga makala ndiyo makaa, yale tunayoyatia kwenye mbabula, yaani jiko, ili bukari, yaani ugali, iive. Yanatoka kwenye misitu ya miombo. Wachomaji hukata miti, hupanga magogo, huyafunika kwa majani na udongo, huwasha, kisha hulinda tanuru siku kadhaa wakiziba kila ufa unaofuka moshi. Wakiondoka, huacha duara jeusi na visiki. Mvua zikianza, visiki vingi vya miombo huchipua tena.

Je, hapo pametoka hewa ukaa kiasi gani? Jibu linategemea nani anahesabu, na Kiswahili chetu hakijatusaidia kulielewa.

Magazeti huandika "utoaji wa hewa ukaa angani". Tazama kitenzi hicho. Ukimwambia mtoto "toa maji kisimani", maji hayaendi kisimani, yanatoka humo. Basi "kutoa hewa ukaa angani" kunaweza kusomwa kuwa ni kuisafisha anga. Wengine husema "uzalishaji", neno linalofaa kiwanda. Lakini mti uliochomwa hauzalishi kaboni, unaachia ile uliyoihifadhi kwa miaka. Mimi nachagua "umwagaji": kinachomwagwa hewani kinaingia hewani, na hakuna anayeweza kukisoma kinyume. Kinyume chake ni "ufyonzaji", kazi ya machipukizi.

Ugumu mkubwa uko mbele. Mwaka 2012 zilichapishwa hesabu mbili za umwagaji wa kaboni kutokana na misitu ya nchi za joto. Mtafiti Nancy Harris na wenzake walipata tani bilioni 0.81 za kaboni kwa mwaka, kati ya 2000 na 2005. Alessandro Baccini na wenzake walipata bilioni 1.0, kati ya 2000 na 2010. Msomaji ataona namba zinakaribiana na kuridhika, na hapo atakosea. Harris alihesabu msitu uliofyekwa tu, bila kupunguza chochote kwa ajili ya unaochipua, wala kuingiza msitu unaopunguzwa mti kwa mti. Baccini alitoa jumla iliyokwisha kukatwa ufyonzaji. Mwaka mmoja kabla yao, Yude Pan na wenzake walikuwa wameandika bilioni 2.9 kabla ya kupunguza, na 1.3 baada ya kupunguza.

Tofauti hiyo ya kabla na baada ndiyo istilahi tunayoihitaji. Upande wa kwanza una neno zuri, "ghafi", kila mfanyakazi analijua kutoka kwenye mshahara wake. Upande wa pili wengine huandika "wavu", na wavu ni wa kuvulia samaki. Wengine huandika "halisi", na hilo linanisumbua zaidi, kwa sababu linamfanya msomaji adhani hesabu ghafi ni ya uongo. Siyo. Moshi wa tanuru la Kipushi umeingia hewani kweli, hata kama kisiki kitachipua. Darasani tulifundishwa kuhesabu "tisa toa nne, baki tano". Neno lilikuwa mdomoni mwetu tangu utotoni: baki. Umwagaji ghafi, toa ufyonzaji, unapata umwagaji baki.

Liko pia jambo la kipimo, ambalo wafasiri huliruka. Kaboni na hewa ukaa si kitu kimoja. Kilo 12 za kaboni zikiungua kabisa huchukua oksijeni hewani na kuwa kilo 44 za hewa ukaa. Ndiyo maana gunia la makala likiisha kuungua huacha hewani uzito unaozidi gunia lenyewe. Anayeandika "tani za ukaa" bila kusema ipi, ameacha nafasi ya kukosea mara tatu na zaidi. Na tanuru lenye hewa haba humwaga methani pia, gesijoto nyingine ambayo si kila hesabu huiingiza.

Hesabu ya Pan, basi, ningeiandika hivi: kila mwaka kati ya 1990 na 2007, umwagaji ghafi wa kaboni kutokana na ufyekaji wa misitu ya nchi za joto ulikuwa tani bilioni 2.9, ufyonzaji wa misitu inayoota upya, bilioni 1.6, baki, bilioni 1.3.